Mvua Iliyokaushwa

Katika Rubondo nzima, mtu mwenye haki ya kuyakasirikia mawingu alikuwa mmoja tu, na haki hiyo alipewa kwa maandishi. Jina lake Pontien, Mrundi wa miaka hamsini na tisa, mkulima wa maharage na ndizi, na tangu mwezi wa tatu mwangalizi wa kituo namba kumi na tisa cha utafiti wa kimataifa. Alipewa kitambulisho chenye picha yake, na kofia ya bluu. Kitambulisho alikivua wakati wa kuoga. Kofia, kwa ushahidi wa mkewe Marcienne, hata hapo ilikuwa ya kubembelezwa.

Msimcheke haraka. Huko Burundi, Pontien alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali ya komini kwa miaka kumi na minane, mtu aliyefungua milango na kujua nani yumo ndani. Kisha akavuka mpaka, na kwa miaka tisa hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, hakuna aliyemwuliza lolote zaidi ya idadi ya watu wa nyumbani kwake. Mtu wa namna hiyo ukimpa kofia, ataivaa.

Kituo chenyewe hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa faneli pana ya chuma king'aacho, imesimama juu ya miguu mitatu kimo cha kifua, na chini yake kopo jeupe la plastiki lenye kifuniko chekundu. Kilizungushiwa seng'enge kwenye kiwanja cha Pontien, mahali palipoinuka, pasipo mti. Aliyekileta alikuwa Profesa Kaarina, mama mrefu kutoka Finlandi ambaye alijifunza Kiswahili Dar es Salaam ujanani na kukitunza kama nguo ya harusi, ili siku akikitoa kiwe na mikunjo ile ile.

"Zamani mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia angani," aliwaeleza watu wa Rubondo. "Vumbi lake lilipanda juu sana, likasafiri na upepo, likaanguka na mvua hata kwa watu ambao hawakujaribu kitu chochote. Tunataka kujua lilianguka kiasi gani, na kama mionzi yake hubadilisha kile ambacho wazazi huwarithisha watoto wao."

Kwa hiyo kila Jumatatu kopo lingepelekwa maabara ya mradi, Mbarara, na mwezi wa nane wangekuja kuchukua mate ya baba, mama na mtoto kwa kila nyumba itakayokubali. Mtu akauliza kwa nini Rubondo. Profesa akajibu kwamba ni kwa sababu hapa hapajawahi kupimwa. Hilo lilikuwa kweli tupu. Rubondo hapakuwa pamepimwa kitu isipokuwa unga wa mgao, na huo nao ulipimwa kwa mkono mwepesi.

Pontien aliachiwa karatasi ya masharti iliyokataza mambo kumi na moja. Usifunike faneli. Usiioshe. Usianike nguo kwenye seng'enge. Usifunge mbuzi kwenye miguu ya chuma. Aliisoma mpaka akaijua kama Baba Yetu. Kuongeza kitu ndani ya kopo hakukuwemo kati ya yale kumi na moja. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Masika yote kazi ilikwenda vizuri. Mvua ilinyesha, kopo likajaa, Pontien akalibeba mpaka Mbarara, kwenye nyumba moja ya kupanga mtaa wa Kakoba iliyokuwa ndiyo maabara, ambako alipokewa na Natukunda, mtaalamu wa maabara, Munyankore mwenyeji wa huko, mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Alimpa Pontien kopo jipya, chai na mkate. Watu wakaanza kumwita Pontien "Dokta Mvua," na yeye akawakataza kwa sauti ambayo haikumzuia mtu.

Mambo ya nyumbani nayo yalikuwa yamenyooka. Binti yake Élyse, fundi cherehani, alikuwa amechumbiwa na Ulrich, kijana wa Kikongo anayetengeneza simu na taa za sola. Baba yake Ulrich aliitwa Bonaventure, mtu wa Fizi, mwuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mwezi wa tano Marcienne alimpelekea kikapu chake kizuri, kile chenye kifuniko cha ncha, kimejaa unga wa mtama. Makubaliano yalikuwa kwamba siku kikapu kitakaporudi ndiyo siku ya kutaja tarehe ya harusi.

Sasa hapa nieleze jambo la vyombo, maana asiyelijua atadhani watu hawa walikuwa wajinga, na wajinga hawakuwa. Kwa Warundi, na kwa Wakongo wa Kivu vilevile, chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage kwenye bakuli, bakuli litarudi na viazi viwili, au yai, au hata chumvi iliyofungwa kwenye jani. Ukikosa kabisa, unakaa na bakuli lake mpaka upate. Kulirudisha tupu ni kusema neno, na kila mtu anajua neno lenyewe: mimi na wewe, basi.

Jumatatu ya kwanza ya kiangazi Pontien alifungua kopo akakuta nzi mmoja, naye amekufa. Akalifunga, akavaa kofia, akashika njia. Marcienne alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Élyse, unaenda wapi na hiyo kopo?"

"Mbarara. Leo ni siku ya kazi."

"Iko bure, tupu kabisa."

"Mvua haikunyesha. Donc iko bure."

"Bazungu walituma chombo chao toka kwao mbali, kikafika hapa kisafi, na weye unakirudisha bure? Yule mama wa Mbarara anakupa mukate kila wiki. Mkono mtupu haulambwi, Baba Élyse."

Pontien alimweleza kwamba sayansi si ujirani. Alieleza vizuri, kwa Kirundi, kwa Kifaransa kidogo, kwa kidole. Kisha akatoka, akafika barabarani, na hapo mama mmoja wa jirani akamwamkia huku akilitazama kopo lililokuwa likining'inia jepesi mkononi mwake. Pontien akahisi uso unamwaka. Akageuka, akarudi nyumbani.

"Tutie nini?" akauliza.

Marcienne alitaja maji ya bomba la kisima. Pontien akakataa, maana hayo yametoka chini na Profesa anataka ya juu. Marcienne akataja maharage. Pontien akauliza ni lini maharage yalianguka kutoka mbinguni. Ndipo Marcienne akaingia jikoni na kutoka na chungu kidogo cheusi, akafunua kifuniko, na ndani mlikuwa na unga laini wa kijivu.

Yalikuwa majivu ya maganda ya ndizi. Kila mama wa upande ule anayajua: unakausha maganda, unayachoma, unayachekecha, na kijiko kimoja kikiingia kwenye maharage magumu, yanalainika kabla kuni hazijaisha. Majivu ya Marcienne yalisifiwa mpaka kambi jirani ya Oruchinga. Hakuwapa watu ovyo.

Pontien alikitazama chungu kwa muda mrefu, na akili ya tarishi ikafanya kazi yake. Mgomba ulikunywa mvua. Ganda ni la mgomba. Majivu ni ya ganda. Basi haya ni mvua, ila imekaushwa. Aliirudia hoja hiyo mara mbili na hakuona tundu. Marcienne akatia vijiko viwili vya heshima, na Pontien akaenda Mbarara akitembea kama mtu aliyetimiza wajibu.

Walifanya hivyo Jumatatu saba. Wiki ya Watakatifu Petro na Paulo Marcienne aliongeza kijiko cha tatu.

Kule Mbarara, Natukunda alikuwa na mashine ya kuhesabu mionzi. Wakati wa masika ilikuwa ikitoa mlio mmojammoja kwa uvivu: tik, kimya, tik. Alipoweka vumbi la kiangazi, ikalia kama mahindi kwenye kikaango cha moto. Natukunda akabadilisha betri. Akabadilisha waya. Akabadilisha meza. Mahindi yakaendelea kupasuka, wiki baada ya wiki, na kituo namba kumi na tisa kikavipita vituo vingine vyote duniani, vikiwemo vile vilivyowekwa karibu na sehemu mabomu yalikolipuliwa. Ndipo akampigia Pontien simu.

"Mzee Pontien, hiyo vumbi ya kijivu iko naanguka huko kwenu, inatoka wapi?"

"Juu," akasema Pontien.

Neno lilitoka kabla hajalifikiri. Na Natukunda, mtu wa utaratibu, akaliandika kwenye fomu, akaituma kwa simu, na Pontien akatia sahihi kwa kidole kwenye kioo.

Hapo ndipo Pontien alipofungwa, na asiyewahi kuwa mkimbizi hataelewa jinsi fundo lilivyokaza. Mkimbizi habadilishi maelezo. Ukisema siku ya kwanza kwamba mlivuka saa kumi alfajiri, basi mlivuka saa kumi alfajiri mpaka Kiama, hata ukikumbuka baadaye kwamba ilikuwa saa kumi na moja. Pontien aliwafahamu watu ambao mafaili yao yalilala miaka kwa sababu mjomba aligeuka kuwa binamu. Yeye katika miaka tisa hakuwa amebadilisha hata koma. Sasa maelezo yake yalisema "juu," kwa hiyo vumbi lilitoka juu.

Wiki moja baadaye magari matatu yakafika Rubondo. Wakashuka watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni, na vipimo mikononi. Walipima mabati ya paa. Walipima migomba. Walimpima mbuzi, ambaye alikula waya mmoja. Walimpima Pontien kuanzia kofia kushuka chini. Kila mahali vipimo vililala usingizi, nao wakatikisa vichwa, wakaandika. Jikoni kwa Marcienne hawakuingia, kwa sababu Marcienne alikaa mlangoni na kusema kwamba jikoni kwake haingii mtu na viatu vile.

Sasa, ukiwaona watu wa mavazi meupe wanapima mbuzi, utasema nini? Rubondo walisema yote. Kufikia Ijumaa, bomu lilikuwa limeanguka kwenye migomba ya Pontien bila kulipuka. Kufikia Jumapili, lilikuwa limelipuka. Wafanyabiashara wa Ngarama wakakataa ndizi za Rubondo. Na mtu mmoja aliyemsikiliza Profesa kwa sikio moja akaeleza sokoni kwamba sumu hiyo haiui, ila hukaa kwenye damu na kuwangoja wajukuu.

Jumatatu mchana, Bonaventure akaja. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, amevaa barakoa ya siku za korona, na mkononi ameshika kikapu chenye kifuniko cha ncha.

"Karibu ndani, mukwe," akasema Pontien.

"Papa Élyse, bakia pale pale, usisogee." Bonaventure alikuwa mnene na mwenye sauti, lakini siku hiyo alisema polepole. "Minasikia ile vumbi inaingia mu damu, inafika mu batoto, na mu batoto ya batoto. Profesa mwenyewe alisema. Weye unajua nilitoka Fizi na batoto bane. Mimi na mama yabo tulifika hapa na Ulrich. Ni yeye tu. Mi ninangoya bajukuu, Papa Élyse. Siko na kitu ingine ya kungoya."

Akatundika kikapu kwenye nguzo ya ua, akaondoka upesi bila kugeuka nyuma. Marcienne akaenda, akafunua kifuniko, akatazama. Hakukuwa na hata punje. Akakifunika tena na kukiacha pale pale.

"Aliyekitundika ndiye atakayekitundua," akasema, kisha akaingia ndani, akalia.

Élyse hakulia. Alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, na mguu wake uliendelea kukanyaga mpaka uzi ukaisha bila yeye kujua. Kisha akamtazama baba yake.

"Papa, ile vumbi inaanguka kweli?"

Pontien akaigusa kofia yake. Alimpenda binti yule kuliko kofia, ingawa mpaka siku hiyo hakuwa amelazimika kuvipima pamoja. Akasema anakwenda kuangalia faneli. Alisimama mbele ya faneli mpaka jua likamchoma shingo, na faneli haikuwa na ushauri wowote.

Siku ya nne Profesa Kaarina akafika mwenyewe kutoka ng'ambo, pamoja na Natukunda na watu wa mavazi meupe. Uwanja wa Pontien ukafungwa maturubai, viti vikaazimwa kanisani, na Rubondo nzima ikaja, wengine wameziba pua kwa kanga. Bonaventure alisimama nje ya ua na barakoa yake, hatua mbili kutoka kwenye kikapu, ambacho kilikuwa bado kinaning'inia mbele ya watu wote kama mtu aliyesimamishwa kwa kosa.

Profesa alizungumza kwa upole na kwa muda mrefu. Alisema hakuna sababu ya hofu, na kila aliposema hivyo watu wanne waliondoka. Alisema vumbi la kituo hiki halijawahi kuonekana, kwa hiyo lazima lichunguzwe kwa makini.

"Familia ya Mzee Pontien itakuwa ya kwanza kutoa mate," akasema. "Tutamfuatilia Bi Élyse, halafu watoto wake, na Mungu akipenda, wajukuu wake. Kizazi baada ya kizazi."

Alidhani anatoa heshima. Élyse akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Nje ya ua Bonaventure akafumba macho.

Pontien akasimama. Akavua kofia, na watu wakanyamaza, kwa kuwa wengi hawakuwa wamewahi kukiona kichwa chake. Kilikuwa na upara.

"Madamu Profesa," akasema, "ninabadilisha maelezo yangu."

Kila mtu mzima pale alijua uzito wa maneno hayo, na mzee mmoja akajishika mdomo.

"Nilisema vumbi inatoka juu. Si kweli. Inatoka jikoni. Mimi na Mama Élyse ndio tuliitia mu kopo, vijiko viwili, wiki saba. Mara moja vitatu. Binti yangu hana kitu mu damu. Ana baba mwongo tu, na hiyo sijui kama inarithiwa."

Marcienne alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka na chungu cheusi, akakiweka juu ya meza ya Profesa, akafunua. Mtu mmoja wa mavazi meupe akasogeza kipimo, na kipimo kilichokuwa kimelala juu ya mabati, migomba na mbuzi kikaamka: tik-tik-tik-tik-tik. Viti vya mbele vikaanguka kwa watu kukimbia. Natukunda, badala ya kukimbia, akainama na kunusa.

"Nyabo, mama!" akapiga kelele. "Hii si ni ile ya maharage? Hata mama yangu iko nayo!" Akacheka mpaka akashika meza, kisha akawaeleza watu, huku akifuta machozi, kwamba ndizi ina potasiamu, na potasiamu yote duniani hulia kidogo kwenye mashine tangu Mungu aumbe ulimwengu, na ukichoma maganda gunia zima ukapata kikombe kimoja cha majivu, basi kilio chote kinakusanyika kwenye kikombe hicho. "Hakuna bomu. Sisi wote hapa Uganda tungekuwa tumekufa na matoke!"

Profesa Kaarina hakucheka. Alikuwa anazihesabu wiki saba za kazi zilizoharibika, na barua atakazoandika kwa nchi zote za mradi. Pontien akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani kando ya chungu. Profesa akakichukua, akakitia mfukoni.

"Lakini kwa nini, Mzee Pontien?" akauliza. "Nataka kuelewa tu. Kwa nini?"

Jibu likatoka nje ya ua.

"Mama Profesa," akasema Bonaventure, na barakoa ilikuwa imeshuka kidevuni, "kwenu batu banarudishaka chombo ya mutu bule?"

"Samahani?"

"Ulimuletea kopo. Mvua haikukuya. Ulitaka akurudishie bule, sawa vile anakuchukia? Huyu ni mutu ya heshima!"

Watu wakaguna kukubali, hata wale waliokuwa wameziba pua. Profesa akawatazama mmojammoja, na pole pole uso wake ukabadilika.

"Nimeelewa," akasema. "Kosa ni langu pia, sikuuliza. Lakini katika kazi yetu, kopo tupu nalo ni jibu, Mzee Pontien."

"Ninajua, Madamu," akasema Pontien. "Ndiyo sababu nilishindwa kulituma."

Macho ya watu yalihama kutoka kwa Pontien, yakapita juu ya ua, yakatua kwenye kikapu. Bonaventure aliyaona yakitua. Alisimama hapo na maneno yake mwenyewe, na nadhani hajawahi kuwa na mzigo mzito namna hiyo, hata magunia ya ndagala. Kisha akanyoosha mkono, akakitundua kikapu, akakikumbatia, akaenda zake bila kuaga.

"Ameenda nacho," akasema Élyse.

"Kikiwa kwake, bado hajasema," akajibu mama yake.

Profesa aliomba kuazima chungu chenye majivu, kwa uchunguzi kamili. Marcienne alikubali kwa shingo upande, na wakakitia ndani ya sanduku la madini ya risasi la kuzuia mionzi; hata sanduku la Agano halikubebwa kwa uangalifu kama lile.

Siku tatu zikapita. Kutoka kwa Bonaventure hakukuja mtu wala neno. Jumatatu Natukunda akamtuma mwenye pikipiki alete bahasha. Ndani mlikuwa na kitambulisho cha Pontien, na karatasi mpya ya masharti iliyopelekwa kwenye vituo vyote vya mradi, kutoka visiwa vya Pasifiki mpaka Lapi, kule kaskazini kwenye theluji. Ilikataza mambo kumi na mawili. La kumi na mbili lilisema: Usiongeze kitu chochote, hata kwa heshima.

Basi Pontien akaenda Mbarara na kopo tupu. Marcienne alilifunga kwenye kitenge ili watu wasione aibu hiyo njiani, na kwenye mkono wa pili akampa kichane cha ndizi cha Natukunda binafsi, kisichohusiana na sayansi. Natukunda akapokea vyote viwili. Kwenye daftari akaandika sifuri, nzuri na ya mviringo, akamwonyesha Pontien kana kwamba ni picha ya mtoto. Kisha akampa majibu ya chungu.

"Majivu ni salama, mzee. Potasiamu ya ndizi, basi. Lakini tulipata kitu ingine ndani, kidogo sana, haidhuru mtu. Sisiamu, vumbi ya bomu ya zamani. Ilianguka na mvua, mgomba ikainywa. Profesa amefurahi sana, huko juu kwenye mvua hatukuwa tumeipata."

"Ya zamani ya lini?"

"Mimi nilikuwa bado kuzaliwa."

"Na ilipita mpaka gani?"

"Mpaka? Ilipita juu kwa juu."

Pontien akanywa chai. "Na hakuna mutu aliyeiuliza maelezo," akasema, na Natukunda akacheka mpaka watu wa barabarani wakageuka.

Habari ya kwamba nyumba ya Pontien ni salama ilifika Rubondo kabla yake, lakini haikuleta kikapu. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Élyse alishona sare mpaka shule ikasema zinatosha. Pontien alivaa kofia na kuivua, akagundua kwamba haikumpa raha aliyoizoea, akaitundika ukutani.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafagia chini ya faneli aliposikia mtu anahema. Bonaventure alikuwa anapanda kilima, bila barakoa, amevaa shati la kanisani, na kikapu kichwani. Alipita ua. Alipita seng'enge. Aliingia mpaka mlangoni bila kusubiri karibu, akakishusha kikapu miguuni mwa Marcienne. Ulrich alikuwa nyuma yake, na Élyse akatoka ndani na utepe wa kupimia bado shingoni.

Marcienne akafunua kifuniko. Yalikuwa maharage, yamejaa mpaka juu. Akachukua moja, akaling'ata, akalitema mkononi.

"Papa Ulrich, hizi ni za mwaka gani?"

"Za zamani," akasema Bonaventure. "Ngumu sawa mawe. Mama Ulrich anazitokotesha tangu juzi, zinakataa. Nilimwambia, hizi haziivi bila yale majivu ya kule kwa bakwe betu." Akakohoa, akatazama chini. "Weka mingi, Mama Élyse. Tutazikula bote, hapa hapa, na batoto batazikula. Halafu tuseme tarehe."

Marcienne akajipiga paji la uso. "Majivu yako Mbarara! Wameyafungia mu sanduku!"

Pontien hakungoja kuambiwa. Alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na mzigo wa maganda makavu, akaurusha mekoni, akapiga magoti akapuliza. Moshi ukatoka mzito, wa kijivu, ukajaa uani, ukawaingia watu machoni na kwenye nguo za kanisani.

"Itachukua muda kupoa, mukwe," akasema huku akikohoa. "Usogee kule, moshi usikuumize."

Bonaventure akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakisogeza karibu zaidi na moto, akakaa.